Gari Limesimama

12 Januari, Mkumbi

Leo nimekabidhiwa ufunguo wa Landkruza. Katika chama chetu cha wakulima wa kahawa, gari hulala uwanjani lakini ufunguo hulala kwa karani. Wanachama waliamua hivyo miaka ya nyuma, baada ya gari kuonekana harusini bila mtu kulituma. Kwa hiyo Tobias, dereva, mtu mzima mwenye mabega ya kubebea magunia, kila asubuhi atakuja kuniomba ufunguo mimi, kijana wa Mbamba Bay mwenye cheti cha chuo cha ushirika. Hapendi, na wala hafichi.

"Jina lako nani vile, Karani?"

"Thabiti."

"Thabiti, na mkono unatetemeka hivyo? Mzee wako alikosea siku ya kukupa jina."

Nilipomfuata nje niliona gari limeinama nyuma, upande wa kushoto, kama mtu aliyechoka mguu mmoja. Nikamwambia. Alicheka mpaka akashika mlango.

"Wewe umezaliwa ufukweni, kwenye mchanga uliolala. Huku Umatengoni kila kitu kimeinama. Nyumba imeinama, shamba limeinama, hata kuku anataga upande. Uwanja ndio umeinama, Karani, si gari."

Ni kweli uwanja wetu una mteremko.

14 Januari

Mvua kutwa. Hakuna aliyekuja ofisini.

20 Januari

Nimekwenda Namswea na Tobias kupeleka mbolea. Ningependa kuandika kwamba nilitazama mashamba, ngoro, yale mashimo ya kulimia yaliyochimbwa milimani, na mahindi yanavyopanda mpaka juu. Sikutazama. Nilisikiliza. Kila gurudumu la nyuma lilipoingia kwenye shimo, chini yetu kulitoka mlio, "ko", kama mtu anayebisha hodi mara moja na kuondoka. Halafu nikaona jambo lingine. Njia ilikuwa imenyooka, gari linakwenda moja kwa moja, lakini Tobias alikuwa ameshika usukani kama anayekata kona.

"Kwa nini umeukunja, Kaka Tobias?"

"Nini?"

"Usukani."

"Wewe hesabu magunia."

21 Januari

Sikulala vizuri. Ko.

29 Januari

Tobias alipokwenda kunywa chai nililala chali chini ya gari, juu ya gunia tupu ili shati lisichafuke. Springi ya nyuma ya gari hili ni pleti za chuma zilizolaliana, ndefu juu na fupi chini, zimepinda kama upinde, na ekseli ya magurudumu imefungwa katikati yake. Ya kulia niliiona vizuri. Ya kushoto haikuonekana: imezungushiwa mipira ya tyubu, tabaka juu ya tabaka, kama mguu wenye kidonda. Upinde wake pia umepotea, imenyooka kama rula.

Nikaona viatu vya Tobias.

"Unachungulia nini humo? Huna adabu, hata gari lina mambo yake ya siri."

"Nani ameifunga mipira hii?"

"Mimi. Mwaka juzi. Na tangu hapo imewahi kukudondosha?"

Nilitoka taratibu. Nikakunja gunia langu haraka, kana kwamba mimi ndiye niliyefunga kitu nikakificha.

4 Februari

Nimemweleza Mwenyekiti. Mzee Frederick ni mtu mpole sana. Huongea kwa sauti ya chini, na kila mara huuliza kwanza habari za wazazi wangu na ziwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Umefanya vizuri, mwanangu. Gari ni mali ya wakulima. Jumatatu lipelekeni Mbinga kwa Fundi Twaha."

Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa mwepesi. Mama Ottilia, mwenye nyumba niliyopanga, alikuwa uani na cherehani yake, anashona sare za kwaya ya parokia. Yeye ndiye kiongozi wa kwaya hiyo. Akaniuliza, "Umeokota nini leo, unatabasamu peke yako?" Nikamwambia kwamba hapa kuna wakubwa wanaosikia.

9 Februari, Mbinga

Gereji ya Fundi Twaha iko nyuma ya maduka, karibu na msikiti. Ni mtu wa maneno mengi. Alilitazama gari kwa mbali, wala hakuinama.

"Limelala. Springi imechoka. Tunaongeza pleti moja ya lori hapo chini, jioni mnaondoka."

"Hufungui mipira kwanza uone ndani?"

"Kijana, nikifungua kila kilichofungwa Mbinga hii, nitakula saa ngapi?"

Tobias alicheka. Mimi nikasema kwamba kuongeza pleti kutaliinua gari, lakini hatutakuwa tumejua kwa nini lililala. Fundi Twaha alinitazama kwa huruma.

"Umesoma nini wewe?"

"Ushirika."

"Basi shirikiana."

Jioni gari lilikuwa limekaa sawa kabisa, kushoto na kulia. Fundi akapiga bodi kwa kiganja: "Limesimama!" Tobias naye: "Limesimama!" Nikalizunguka. Limesimama kweli.

10 Februari

Mwenyekiti amelitazama, akafurahi, akanipa mkono mbele ya watu.

19 Februari

Jana Mama Ottilia alirudi kutoka kanisani na alama ya majivu kwenye paji la uso, leo mimi nimeanza mfungo wa Ramadhani. Nyumba nzima ina njaa. Amesema mwaka huu Mungu ametupigia kengele wote kwa pamoja, na kwamba futari yangu ataipika yeye, kwa kuwa mikono yangu ni ya kalamu.

24 Februari

Leo nimeona kitu, na sijui kama napaswa kushukuru.

Mvua ilikuwa imenyesha, kisha ikakatika. Gari lilipanda kutoka mtoni likiwa tupu, mimi nilikuwa juu barabarani nimesimama na mwamvuli. Tope lilikuwa laini kama ugali uliotoka jikoni. Gari likanipita. Nikatazama alama za matairi. Gari likienda sawa, tairi za nyuma hukanyaga palepale zilipokanyaga za mbele, na nyuma yake hubaki mistari miwili. Mimi niliona minne. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yanapita pembeni ya yale ya mbele, umbali wa kiganja, njia nzima. Gari linakwenda kama kaa wa ziwani: uso huku, mwili kule.

Nimetafuta kwenye simu mpaka bando likaisha. Katikati ya kila springi kuna bolti inayozishika pleti pamoja na kuikalisha ekseli mahali pake. Mafundi huiita senta bolti. Ikikatika, ekseli huanza kuteleza upande huo, kidogo kidogo. Gurudumu la kushoto hurudi nyuma, la kulia hubaki, na sehemu ya nyuma ya gari hujielekeza inakotaka. Kinachoizuia basi ni bolti za kuzungushia peke yake, zile zinazoikumbatia ekseli na springi, nazo huendelea kulegea. Siku zitakapolegea vya kutosha, mteremkoni, gari limejaa, breki zimekanyagwa, ekseli itaondoka.

Pleti ya lori haikuponya chochote. Imelisimamisha gari ili tusione tena kwamba linaumwa.

2 Machi

Nilimwendea Mwenyekiti tena. Safari hii hakuuliza habari za ziwa.

"Mwanangu, si ulisema limeinama?"

"Ndiyo, Mzee."

"Limeinama bado?"

"Hapana, Mzee. Lakini alama za matairi..."

"Limesimama au halijasimama?"

"Limesimama."

"Basi. Barabara zetu ni za pembeni mwa mlima, kila gari linateleza kidogo. Usiwe mtu wa kutafuta ugonjwa kwa aliyepona. Watu watasema karani wetu ana mkosi." Alitabasamu. "Na ajira yako bado ina miezi ya majaribio."

Sauti ilikuwa ileile ya chini. Sasa ndiyo inanitisha.

6 Machi

Naliona gari kila nikifumba macho.

13 Machi

Tulikuwa tunarudi kutoka Namswea, kinamama watano nyuma na magunia ya maharage. Kwenye mteremko kabla ya daraja, Tobias aligusa breki na sehemu ya nyuma ikatoka barabarani, polepole, kama mlango unaofunguliwa. Kinamama walipiga kelele. Tobias akaachia breki, akazungusha usukani, akaliacha gari likimbie mpaka likajinyoosha lenyewe. Tukavuka daraja. Akasimamisha upande wa pili na kuzima.

Kinamama walishuka, wakakataa kupanda tena, wakajitwisha maharage yao. Mmoja alimwambia Tobias maneno kwa Kimatengo ambayo sikuhitaji kutafsiriwa.

Tulibaki wawili. Mikono yake ilikuwa bado juu ya usukani, nayo ilikuwa inatetemeka, kama yangu.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu kabla hujaja. Nalishika kama fahali, Karani. Kila siku linaniambia tuende huku, mimi nalivuta kule."

"Kwa nini hukusema?"

"Nani alikwambia sikusema? Nilisema, nikaambiwa kuna madereva wengi Mbinga. Nina watoto shuleni. Nikafunga mipira." Akajifuta uso. "Wewe ukaja na mdomo wako wa chuo, ukasema kwa ulaini kama unaomba chumvi. Nilikuchukia. Nilifikiri wewe watakusikia."

Miezi miwili nimemwandika humu kama adui.

22 Machi

Idi imepita. Mama Ottilia alinichinjisha jogoo wake kwa mkono wangu mwenyewe, ili nile bila wasiwasi. Mchana Mwenyekiti alikuja kunipa mkono wa Idi, akatangaza habari njema: Jumatatu ya Pasaka kwaya itashuka Mbaha, kuimba na kwaya za ziwani, na chama kinatoa gari. Mama Ottilia alipiga vigelegele. Watu ishirini na kitu nyuma ya Landkruza, na mteremko wote wa kushukia ziwani.

Nikairudisha nyama kwenye sahani.

25 Machi

Nimemwambia Mama Ottilia kwamba sitatoa ufunguo siku hiyo. Alisimamisha cherehani.

"Hutatoa ufunguo wa nani?"

"Wa gari, Mama. Litawaua."

"Thabiti, gari lile limetubeba maziko, limetubeba ubatizo. Waimbaji hawa wametoa shilingi zao za kitambaa. Mimi nimeshona mpaka macho yamevimba. Leo wewe, mpangaji, uniambie nini?" Kisha akasema lililoniumiza. "Au ni kwa sababu ni Pasaka?"

Nikamwambia, "Mama, futari yangu yote mwezi mzima imetoka jikoni kwako. Unaniuliza hivyo?"

Akarudi kwenye cherehani.

30 Machi

Chakula changu kimewekwa mlangoni kimefunikwa. Hasemi nami. Chakula ni kingi kuliko kawaida. Simwelewi.

3 Aprili, Ijumaa Kuu

Ofisi imefungwa. Nimeandika barua mbili za kuacha kazi na kuzichana. Nikiacha kazi, ufunguo utabaki kwa Mwenyekiti. Kwa hiyo hata kukimbia siwezi.

6 Aprili, Jumatatu ya Pasaka

Naandika yote kwa mpangilio, kwa sababu kesho yatasimuliwa vingine.

Asubuhi mvua ilikuwa inanyesha nyembamba. Nilipofika uwanjani kwaya ilikuwa imejaa tayari chini ya paa la ofisi, sare mpya, kina dada wamesuka, vijana wamenyoa. Mwenyekiti alikuwa katikati yao na koti la sherehe. Nilikuwa nimefunga ufunguo kwa uzi na kuutundika shingoni, ndani ya shati.

"Karani wetu huyo! Lete ufunguo, jua lisitupite."

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Ufunguo."

Nikasema sitautoa mpaka waone kitu kimoja. Ghala letu la kahawa ndilo pekee Mkumbi lenye sakafu iliyolala sawa, saruji tupu, na lina mlango kila upande. Nilikuwa nimelifagia. Nikaomba Tobias apitishe gari ndani, kutoka mlango huu mpaka ule, polepole, amenyoosha. Tairi zina maji, sakafu ni kavu. Humo hakuna mlima wa kusingizia.

"Anataka kutuchezea sinema," kijana mmoja wa sauti ya nne akasema. Watu wakacheka. Mwenyekiti naye akacheka, na kwa sababu alicheka hakuweza kukataa.

Nilimpa Tobias ufunguo. Wakati huo niliogopa kuliko wakati wote: angeweza kuondoka na gari. Aliwasha, akaingia ghalani, akapita katikati na kutokea upande wa pili. Akazima, akarudi kwa miguu, akaniwekea ufunguo mkononi mbele ya watu wote.

Mistari minne ilikuwa sakafuni, myeusi, mibichi, toka mlango hadi mlango.

Nikaeleza. Sauti ilipanda ikawa nyembamba kama ya mtoto, lakini nilieleza yote: springi, bolti ya katikati, ekseli inavyoteleza, Namswea darajani. Hakuna aliyecheka tena. Mama Ottilia akapita mbele na sare yake nyeupe, akachuchumaa, akafuata mstari mmoja kwa kidole, kisha wa pembeni yake.

"Mshono umekimbia," akasema.

"Cherehani na gari wapi na wapi, Mama?" Mwenyekiti akamkatisha. "Jamani, gari si limesimama lile pale? Nani analiona limelala? Pandeni."

"Limesimama," nikasema, "na leo litaendelea kusimama hapohapo."

Sikupanga kusema hivyo. Mtu mmoja alicheka, akakohoa kuficha.

Mwenyekiti akanisogelea, akanyoosha mkono. Sauti yake ilishuka tena.

"Thabiti. Unajua ajira yako iko katika mkono huu?"

"Najua, Mzee."

"Basi weka ufunguo hapo."

"Hapana, Mzee."

"Unanikatalia mimi? Mbele ya watu?"

"Ndiyo, Mzee. Naogopa sana, lakini ndiyo."

"Tobias!"

Tobias alikuwa anatazama mvua. "Mwenyekiti, hata akitoa, mimi sishuki nalo. Tafuta wale madereva wengi."

Zikalipuka kelele. Wengine walinitukana. Msichana mmoja alilia kwamba amesuka bure. Yule kijana wa sauti ya nne akasema hata yeye amenyolewa bure, na kichwa chake kina baridi. Wawili walipanda nyuma ya gari kwa hasira wakakaa, wakanyeshewa, wakashuka. Kwaya haikwenda Mbaha. Waliondoka kwa vikundi, viatu mkononi, na Mama Ottilia alikuwa wa mwisho. Alinipita bila kunitazama. Alipofika mlangoni akasema, kama anauambia mlango, "Chakula kipo."

8 Aprili

Wanachama wachache walimtaka Fundi Twaha apandishwe kutoka Mbinga. Alipanda bodaboda, na mdomo wake wote. Tuliliinua gari kwa jeki ghalani, tukaliweka juu ya magogo. Alipokata mipira ya tyubu, vipande viwili vya pleti vilianguka sakafuni. Pleti ndefu ya pili ilikuwa imekatika kabisa, mipira ndiyo iliyoishika. Kisha akalegeza bolti za kuzungushia, akaivuta senta bolti. Kikatoka kichwa peke yake. Kiwiliwili kilibaki ndani.

Fundi Twaha alikiokota kichwa hicho, akakigeuza kwenye mwanga.

Mwenyekiti alikuwa mlangoni. "Mmeikata sasa hivi mlipokuwa mnalegeza."

"Mzee," Fundi akasema, "chuma kilichokatika leo kinang'aa. Hiki kina kutu mpaka moyoni." Akanigeukia, akakuna kichwa. "Nami nililipiga kofi, nikasema limesimama."

"Tulisema wote," nikamjibu.

Mwenyekiti alikwisha ondoka.

11 Aprili

Mama Ottilia amerudi kusema nami. Ameniambia nimenyooka kama fimbo ya mwalimu, na fimbo ya mwalimu haina rafiki. Kisha akaniomba nimpeperushie mkaa wa pasi.

14 Aprili

Mkutano wa bodi. Nilifikiri watazungumza habari za springi mpya. Hawakuzitaja. Waliokuwa mezani ni wazee ninaowaheshimu, wengine wana umri wa babu yangu, na wote walikubali kwamba gari lilikuwa bovu. Waliniambia waziwazi. Kosa langu, wakasema, si gari. Kosa ni kumkatalia mkubwa mbele ya watu. Nisimame, niombe radhi, ufunguo niuweke mezani kwa Mwenyekiti kuanzia leo, nami nitabaki na kazi yangu. Mama Ottilia asubuhi alikuwa amenishauri hivyohivyo: "Omba radhi, mwanangu, yaishe."

Nilisimama. Nilikuwa nimejifunza maneno ya radhi njiani, mazuri, yenye adabu zote.

"Wazee wangu, shikamooni. Mzee Frederick, kama sauti yangu ilipanda, nisamehe, ilikuwa ya woga. Kwa kukataa, sitaomba radhi. Nikiomba radhi leo, karani atakayekuja baada yangu atajua kwamba hapa kukataa ni kosa, na atautoa ufunguo. Na ufunguo siuweki mezani. Gari liko juu ya magogo, halina springi. Likipona, wanachama waliouweka kwa karani waje wauondoe wenyewe."

Mzee mmoja alishusha miwani. Mwingine akasema "Mh." Mwenyekiti, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alipaza sauti.

"Toka!"

Nikatoka. Koridoni niligundua kwamba alisema nitoke, hakusema niende wapi. Ofisi yangu ni mlango wa pili. Nikaufungua, nikakaa kwenye kiti changu. Nikatoa daftari la mbolea. Nje kulikuwa na wakulima wamekuja kwa ajili ya mbolea, wamepanga foleni ukutani, na bila shaka walisikia kila neno kupitia kuta zetu za mbao. Mkubwa wao akachungulia, kofia mkononi.

"Karani, upo?"

"Nipo, Mzee. Shikamoo. Karibu ndani."